Nguo za Picha ya Mwaka wa Mwisho: Anza na Ukuta, Kabati Baadaye

Mtoto anapokaribia kuanza darasa la 12 Marekani, ambalo ndilo mwaka wa mwisho wa sekondari, shule hutuma ujumbe: siku fulani, saa fulani, njoo upigwe picha. Mara nyingi ujumbe huo hufika wakati wa likizo ya kiangazi, nyumbani hakuna anayewaza shule. Kwa mzazi aliyesoma Uvira au Kigoma, ama aliyemalizia masomo kambini Nyarugusu au Kakuma, jambo hili ni geni. Picha ya shule anayoijua ni ya darasa zima: sare moja, walimu wamekaa mbele, wanafunzi wamesimama nyuma. Hii ya Marekani ni ya mtu mmoja, na sare hakuna. Hapo ndipo swali linapozuka: avae nini?

Wengi huanzia kabatini. Hutoa nguo ya bei kubwa kuliko zote, wakaipiga pasi, wakaenda. Picha ikirudi, nguo imetoka vizuri, mtoto mwenyewe hatokezi. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: kwanza jua picha itakaa wapi na nani ataitazama, ndipo ufungue kabati.

Hatua ya 1: Jua ni picha ngapi na zinakwenda wapi

Watu husema "picha ya mwaka wa mwisho" kana kwamba ni moja. Kwa kawaida ni tatu.

Ya kwanza ni ya kitabu cha mwaka cha shule. Humo kila mwanafunzi anapata kijisanduku kidogo chenye uso na mabega, na shule nyingi hutaka wote wafanane. Ya pili ni ya joho na kofia ya mahafali, ile ambayo wazazi huitundika sebuleni na kuituma kwa ndugu. Ya tatu ni ya kwako: unapiga na mpiga picha mnayemchagua wenyewe, bustanini, mjini au uwanjani, kwa nguo unazotaka.

Andika pembeni ya kila moja itakapokwenda. Ya kitabu itaonekana ndogo kama stempu, kwa hiyo viatu na sketi havina kazi; chagua shingo ya nguo. Ya sebuleni itakaa miaka mingi na kutazamwa na wazee, kwa hiyo heshima inatangulia mtindo. Ya tatu inakwenda kwenye simu za marafiki na kadi za mwaliko wa sherehe, na hapo uhuru ni wako.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya shule kabla ya kugusa nguo

Karatasi ya studio iliyochaguliwa na shule ina maandishi madogo ambayo ndiyo yanayoamua mengi. Tafuta mambo manne: tarehe ya mwisho ya picha kuingia kitabuni, ambayo mara nyingi huwa kati ya Septemba na Novemba, vazi linalotakiwa, kama kuna ada ya kupigwa picha, na kama kununua seti ya picha ni lazima. Kuingia kitabuni ni jambo moja, kununua picha za kwenda nazo nyumbani ni jingine. Usilipie seti kubwa kwa kudhani usipolipa mtoto ataachwa nje. Uliza ofisi ya shule.

Kuhusu vazi, shule nyingi hutumia nguo za studio yenyewe. Wasichana hupewa kitambaa cheusi laini kinachozungushwa kifuani na mabegani na kufungwa nyuma, shingo ikabaki wazi. Wavulana hupewa koti jeusi pamoja na kifua cha shati jeupe chenye tai ya kipepeo, ambacho mara nyingi hakina hata mgongo. Kinabanwa nyuma kama aproni. Nguo hizo zimepita mabegani mwa wanafunzi wengi, hivyo hazibani wala hazikai sawasawa. Kwa msichana, vaa chini yake kitopu kisicho na mikanda ya mabega, na usiache mkanda wa sidiria uchungulie. Kwa mvulana, vaa fulana nyeupe ya ndani yenye shingo ya herufi V ili isionekane kwenye kola.

Kuazima nguo ya studio si jambo la kuona haya. Seydou Keïta, mpiga picha mashuhuri wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwawekea wateja suti, saa na kalamu za kuvaa wakati wa kupigwa picha, na leo picha hizo zinaning'inia katika makumbusho makubwa ya dunia.

Binti anayevaa hijabu, au asiyetaka mabega wazi kwa sababu yoyote ile, apige simu studio mapema na si siku yenyewe. Shule nyingi za umma huruhusu hijabu hata pale kofia nyingine zinapokatazwa. Suluhisho la kawaida ni blauzi nyeusi ya shingo ndefu na mikono mirefu chini ya kitambaa, au kutumia joho badala yake. Chagua mtandio mweusi au wa rangi moja iliyotulia, ubane kwa pini ndogo ndani, na angalia usitupe kivuli kwenye paji la uso.

Hatua ya 3: Chagua mavazi matatu, kila moja na kazi yake

Kwa picha zile za kujipangia, mavazi matatu yanatosha. Zaidi ya hapo saa itaishia kwenye kubadili nguo.

Vazi la kwanza ni la wazee: kitenge kilichoshonwa vizuri, kanzu, gauni la heshima au suti. La pili ni la kwako mwenyewe, lile ambalo rafiki yako akiliona atasema "huyu ndiye": jinzi safi, raba unazozipenda, sweta. La tatu ni la jasho lako: jezi ya mpira wa miguu, koti la shule lenye herufi kubwa kifuani wanalovaa waliofanya vizuri katika michezo au muziki, joho la kwaya, au gitaa la kanisani.

Mgawanyo huu unaokoa amani ya nyumba. Ugomvi wa kawaida huenda hivi:

"Mama, hii si harusi. Sivai kitenge."

"Na bibi yako nimtumie nini? Jinzi iliyochanika magoti?"

Wote wawili wana haki, ila wanazungumzia picha mbili tofauti. Mzazi achague vazi la kwanza, mtoto achague la pili, na la tatu likubaliwe na wote. Mzazi asilete hoja kwenye vazi la pili, na mtoto asinune kwenye la kwanza. Uso wa kununa hauna dawa.

Gharama zisikutishe. Maduka ya mitumba kama Goodwill huwa na makoti ya suti na magauni yaliyovaliwa mara moja tu. Koti la kaka au la muumini mwenzenu kanisani likipunguzwa mikono na fundi linatosha kabisa.

Hatua ya 4: Panga rangi kwa ajili ya ngozi yako

Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake na kukisia kwamba, kwa wastani, kilichopo ni kijivu cha katikati. Ukivaa nyeupe pee na ngozi yako ni nyeusi, kamera iliyoachwa ijiamulie huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso ndio unaoumia: macho yanazama, mashavu hayaonekani. Ukivaa nyeusi tii mbele ya pazia jeusi, kinyume chake hutokea. Kamera inaongeza mwanga na ngozi inapauka.

Tatizo la picha kutoitendea haki ngozi nyeusi lina historia. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iliwapa wasafishaji wa picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha ngozi za watu wote. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo zimesogea mbele sana, lakini mpiga picha bado anatakiwa kujua kazi. Kabla ya kumlipa, omba akuonyeshe picha za watu weusi alizowahi kupiga. Tazama kama nywele zinaachana na mandhari ya nyuma na kama macho yana uhai.

Rangi zinazoipenda ngozi nyeusi ni zile zilizokolea bila kuwaka: buluu ya bahari kuu, kijani cha zumaridi, damu ya mzee, zambarau, haradali, udongo mwekundu. Badala ya nyeupe pee, vaa rangi ya maziwa. Ngozi ya maji ya kunde hupendeza pia kwa kijani cha majani makavu na waridi iliyotulia. Jihadhari na kahawia inayolingana na ngozi yako. Shingo na nguo vitashikana na hutajua kimoja kimeishia wapi.

Epuka rangi kali za kung'aa kama zile za vizibao vya mafundi barabara. Nguo iliyo karibu na kidevu hurusha rangi yake juu, na kijani cha aina hiyo huacha kivuli cha kijani chini ya taya ambacho ni kazi kukifuta. Epuka pia mistari membamba iliyosongamana na miraba midogo. Vijistari hivyo hugongana na vidoto vya kamera, na kwenye picha vinatokea kama mawimbi yanayocheza ambayo dukani hukuyaona.

Kwa idadi ya rangi, masapeur wa Kinshasa na Brazzaville, watu waliofanya uvaaji kuwa sanaa, wana kanuni: zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Ichukue hiyo, uhesabu na viatu.

Hatua ya 5: Kitenge, kanga na kanzu vina masharti yao

Kitenge, au kikwembe kama wengi wa Kongo wanavyokiita, kina nguvu kwenye picha kikipewa nafasi. Pima ukubwa wa maua yake kwa kiganja. Ua linalozidi kiganja likae kwenye sketi au chini ya kiuno. Likikaa kifuani litakatwa nusu na fremu na kushindana na uso. Maua madogo yanafaa blauzi. Mwambie fundi mapema kwamba nguo ni ya picha, alinganishe maua kwenye mshono wa katikati, maana ua lililopishana kifuani halionekani mtu akitembea, lakini kwenye picha jicho halibanduki hapo. Kitenge kipya chenye nta kifue mara moja kwanza, kipunguze mng'ao na ugumu. Nyuma yake tafuta mandhari tulivu: ukuta mtupu, mlango wa mbao, majani ya mbali.

Asiyependa kuvaa kitenge kizima avae koti la suti lenye kola ya kitenge, au tai ya kitenge juu ya shati la rangi moja. Wazee wanafurahi na mtoto hajioni amevalishwa.

Kanga inataka hesabu nyingine. Jina la kanga limeandikwa upande wa chini, juu ya pindo, hivyo ukijitanda mabegani kwa kawaida linaangukia mgongoni au linakunjwa ndani. Ukitaka lisomeke, kunja kanga kwa urefu, uitupie begani jina likiwa mbele, ubane kwa pini, na mpiga picha asikate neno la mwisho. Soma jina lenyewe kabla hujatoka nyumbani. Kanga ya kumtumia salamu jirani mgomvi haikufaa hapa. Chagua ya dua, ya shukrani au ya kumsifu mama.

Kanzu nyeupe ina tatizo la weupe lililotajwa juu. Ivae na koti jeusi au kizibao kilichodariziwa ili weupe upungue, na simama mbele ya kitu chenye rangi, si ukuta mweupe. Kofia iinuliwe kidogo, paji la uso lionekane.

Hatua ya 6: Hakikisha nguo inakutoshea ukiwa umekaa

Dukani tunajaribu nguo tumesimama. Kwenye picha utakaa kwenye ngazi, utaegemea ukuta, utakunja mikono. Jaribu nguo katika mikao hiyo. Koti likipanda hadi masikioni ukikaa, keti juu ya pindo lake la nyuma lishuke. Vifungo vya shati vikiachana kifuani, shati ni dogo hata kama ulipenda rangi yake.

Nguo kubwa kupita kiasi ni mtindo barabarani, ila kamera inaongeza upana. Kama suruali ni pana, juu vaa kinachokaa mwilini. Mikono mirefu, au inayofika kwenye kiwiko, huliacha jicho liende usoni. Mkono mtupu ulio karibu na kamera huonekana mnene kuliko ulivyo. Maandishi na nembo kubwa kifuani zisomwe na nani? Ziache nyumbani, isipokuwa ni za timu yako.

Joho la shule huwa jembamba, na la rangi nyeupe huonyesha kila kilicho ndani. Chini ya joho jeupe vaa nguo nyepesi ya rangi moja inayokaribia ngozi yako au ya rangi ya maziwa. Mvulana avae shati lenye kola na tai, kwa sababu shingo ya joho huacha uwazi ambao fulana haiujazi.

Hatua ya 7: Tazama kalenda na mahali

Katika majimbo ya kaskazini kama Minnesota, Iowa na Maine, majani hugeuka mekundu na manjano mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Ni mandhari inayogombaniwa, basi weka nafasi mapema. Ukiwa katikati ya majani hayo, nguo nyekundu au ya machungwa hukumeza; buluu, kijani kizito na rangi ya maziwa hukutokeza. Leta sweta au koti linaloendana na vazi, kwa sababu jaketi la baridi la kila siku litaharibu mpango wote.

Texas na Arizona shida ni joto. Pamba ya kijivu huonyesha kila tone la jasho. Vaa nguo ya giza, au nyeupe yenye maua madogo, na upigwe saa moja ya mwisho kabla ya jua kuzama. Mwanga wa wakati huo ni laini na hautupi vivuli chini ya macho.

Hatua ya 8: Nywele, uso, miwani na vito

Suka siku nne hadi saba kabla, kichwa kiache kuvuta na mistari itulie. Kinyozi mwendee siku mbili tatu kabla, si asubuhi ileile, maana wembe ukikosea au vipele vikitoka huna muda.

Poda na fandesheni zilingane na shingo, wala si mashavu peke yake. Angalia mafuta ya kuzuia jua: yenye zinki au titani hurudisha mwanga wa flashi, na uso mweusi ukatoka na ukungu mweupe. Kwa siku hiyo paka kidogo tu mafuta ya kawaida, kisha bonyeza karatasi laini kwenye paji na pua kuondoa mng'ao.

Miwani vaa kama unaivaa kila siku; bila hiyo ndugu hawatakutambua. Ukiwa na ile inayojigeuza nyeusi juani, omba fremu ya akiba isiyojigeuza, vinginevyo picha za nje hazitakuwa na macho. Inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio, vioo viiname chini na mwako wa taa upotee.

Vito viwe vichache. Chagua kimoja cha kuzungumza: hereni kubwa, au mkufu wa shanga, au saa ya marehemu babu. Toa simu na funguo mfukoni, na toa raba ya nywele kwenye kifundo cha mkono; nayo huingia kwenye picha nyingi.

Hatua ya 9: Fanya jaribio kwa simu

Wiki moja kabla, vaa kila vazi zima pamoja na viatu. Mtu akupige picha karibu na dirisha kwa kamera ya nyuma ya simu. Kamera ya mbele haifai kwa kazi hii, maana simu nyingi hugeuza kulia kuwa kushoto, na jina la kanga au namba ya jezi hukuonyesha kinyume. Upigwe umesimama, umekaa, na uso peke yake.

Kisha ipunguze picha ya uso hadi iwe ndogo kama stempu. Ukiona nguo kwanza, rudi hatua ya 4. Ukiona macho kwanza, vazi limepita. Muda bado upo wa kwenda kwa fundi au kuazima kwa shangazi.

Hatua ya 10: Funga begi, kisha chagua picha kwa utulivu

Usiku wa kuamkia siku yenyewe piga pasi nguo zote, zitundike, usizikunje. Kwenye begi weka pini kubwa na ndogo, sindano na uzi mweusi na mweupe, utepe wa gundi wa kutolea nyuzi, kitana, mafuta, maji na kandambili za kutembelea kati ya sehemu moja na nyingine. Anza na vazi rasmi zaidi wakati nguo bado haijajikunja na uso bado ni mbichi, umalizie na la michezo.

Picha zikija za kuchagua, usiamue usiku huohuo, na usiamue peke yako. Zifungue kwenye kioo kikubwa kuliko simu, funika nguo kwa kiganja na utazame uso peke yake. Zinazosimama bila nguo ndizo za kununua. Kama fedha ni kidogo, nunua moja kubwa ya ukutani na chache ndogo za kutuma kwa ndugu. Kabla ya kulipia faili za kompyuta, uliza kwa maandishi kama zinakuja na ruhusa ya kuzichapisha mwenyewe. Bila ruhusa hiyo, duka la kuchapisha linaweza kukukatalia, na nakala ya bibi itabidi uinunue tena studio kwa bei yao.